Juu ya Majina ya Hitilafu za Kamera Akisi

Kazi ya kuunda istilahi aghalabu huanza na mchoro. Mfasiri huwekewa mbele yake picha ya mashine iliyochorwa mishale, naye hutakiwa kuandika jina la Kiswahili penye ncha ya kila mshale. Utaratibu huo haukosi faida. Lakini mtumiaji wa mashine halihitaji sana jina la sehemu siku ambayo mashine yafanya kazi. Hulihitaji siku iliyoharibika, naye yuko mbali na fundi, hana budi kueleza kwa maneno kile ambacho fundi hawezi kukiona kwa macho. Hapo ndipo istilahi inapotiwa katika mizani.

Katika makala haya twakusudia kutumia mizani hiyo kwa chombo kimoja, yaani kamera kubwa ya kidijiti yenye lenzi zinazobadilishwa, kama itumikavyo katika wilaya za Tarime na Serengeti, Mkoa wa Mara. Chombo hicho kimeenea huko kwa sababu zinazofahamika. Kuanzia Julai hadi Oktoba makundi ya nyumbu huwa upande wa kaskazini wa Hifadhi ya Taifa ya Serengeti, na pale Kogatende huvuka Mto Mara mbele ya magari yaliyojaa wapiga picha. Mugumu na Tarime mjini wamo wapiga picha wa harusi, wa mahafali na wa vitambulisho. Wala upigaji picha si jambo geni katika nchi hiyo: Bernhard Grzimek na mwanawe Michael waliwahesabu na kuwapiga picha wanyama wa Serengeti kutoka ndani ya ndege, na filamu yao ya mwaka 1959 ilizitangaza mbuga hizo duniani, ingawa Michael mwenyewe alifariki katika ajali ya ndege hiyo mwezi Januari mwaka huohuo.

Hata hivyo, matumizi yanayotuhusu zaidi ni mengine. Vijiji vya Wilaya ya Serengeti vinapakana na Hifadhi, na pia na Mapori ya Akiba ya Ikorongo na Grumeti, na tembo hawasomi mabango ya mipaka. Chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori Na. 5 ya mwaka 2009 na kanuni zilizotungwa mwaka 2011, mkulima aliyeharibiwa mazao na wanyama hatari anaweza kuomba kifuta jasho, na familia iliyofiwa huomba kifuta machozi. Uharibifu hukaguliwa na kuandikiwa taarifa. Picha ya mahindi yaliyolazwa chini, ikiwa yaonekana vema na ina tarehe sahihi, huipa taarifa hiyo nguvu. Mvua ikisha kunyesha na mabua yakisha kuondolewa, hakuna nafasi ya kurudia. Na kwa kuwa fundi awezaye kuifungua kamera ya namna hii hapatikani kila mji, chombo kikigoma hupakiwa ndani ya basi kwenda Mwanza au mbali zaidi, hali huenda dawa yake ilikuwa kitambaa kikavu na maelekezo ya sentensi mbili kwa simu. Sentensi hizo mbili ndizo zinazotushughulisha hapa.

JINA LA KAMERA YENYEWE

Jina la Kiingereza la kamera hii lina maana ya kamera ya kuakisi yenye lenzi moja, na mfasiri asiyejua historia yake huliandika hivyohivyo. Mwenye kamera hulisoma, hutazama ndani ya mkoba wake, huona lenzi tatu, na imani yake juu ya istilahi za Kiswahili hupungua. Neno "moja" lilikuwa na maana kwa kulinganisha na kamera kama Rolleiflex ya Ujerumani, iliyoanza kuuzwa mwaka 1929. Hiyo ilikuwa na lenzi mbili, moja juu ya nyingine: ya juu ya kutazamia, ya chini ya kupigia picha. Katika kamera tunayoizungumzia, lenzi iliyopachikwa hufanya kazi zote mbili. Mwanga hupita katika lenzi, hugonga kioo kilichoinamishwa, nacho hupandisha mwanga huo hadi kwenye jicho la mpiga picha. Akibonyeza kitufe, kioo hunyanyuka, pazia lililo nyuma yake hufunguka, na mwanga hufika mahali ambapo zamani palikuwa na filamu na sasa pana kihisi.

Basi sifa inayoitenga kamera hii na nyingine ni kioo kile. Twapendekeza iitwe kamera akisi, kwa kuwa kitenzi kuakisi kimekwisha kuzoeleka katika masomo ya sayansi. Kamera za siku hizi ambazo zimeondolewa kioo, na ambazo viwanda vinazielekezea nguvu zaidi, zitaitwa kamera zisizoakisi. Tunajua kwamba wenye kamera wenyewe husema "kamera kubwa" tu. Hatuoni ubaya wowote, ila jina hilo halimsaidii mtu anayeagiza kipuri.

VIOO VITANO

Neno kioo ndilo lenye madhara makubwa kuliko yote. Mpiga picha akiandika "kioo kina vumbi", ameandika Kiswahili sahihi kisichomsaidia fundi hata kidogo. Kioo chaweza kuwa lenzi. Chaweza kuwa kile kioo kinachonyanyuka ndani. Chaweza kuwa kidirisha cha kuwekea jicho. Chaweza pia kuwa uso wa nyuma unaoonyesha picha, kwani kila mtu siku hizi husema "kioo cha simu kimepasuka" na simu zimetufundisha sote matumizi hayo. Tena aliyewahi kuinyanyua kamera akachungulia hadi mwisho huona kitu cha tano kinachong'aa, naye hukiita kioo, na hicho cha tano ndicho chenye hatia mara nyingi zaidi.

Twapendekeza neno kioo libaki kwa kitu kimoja tu, na hata hicho kitajwe kwa ukamilifu kuwa kioo akisi. Kilicho mbele ni lenzi. Pa kuwekea jicho ni kitazamio. Uso wa nyuma ni skrini. Kile cha tano ni kihisi. Wako wanaopenda kukiita kitambuzi, lakini kutambua ni kujua kitu hiki ni nani au ni nini, na chombo hicho hakijui chochote. Hupokea mwanga tu na kuugeuza kuwa umeme.

Majina hayo yakishatengwa, jaribio la kutafuta vumbi laweza kuelezwa kwa simu. Tuseme mpiga picha ametoka Kogatende katika miezi ya kiangazi, naye aona madoa meusi katika picha zake. Aelekeze kamera kwenye anga tupu, apunguze tundu la lenzi hadi f/16 au f/22, apige picha, kisha aibadilishe lenzi na kupiga nyingine. Doa likibaki palepale ilhali halionekani katika kitazamio, vumbi limo juu ya kihisi. Doa likionekana katika kitazamio lakini halimo katika picha, liko kwenye kioo akisi au kwenye bamba lililo juu yake. Hilo laudhi jicho tu, wala halidhuru picha, na ni heri liachwe, maana uso wa kioo akisi umepakwa fedha au madini upande wa mbele, nao hukwaruzika kwa mguso mdogo. Doa likiondoka pamoja na lenzi, lilikuwa la lenzi. Yafaa pia kueleza kwamba sura ya kitu hufika kwenye kihisi ikiwa juu chini. Doa lililo juu katika picha latafutwa chini ya kihisi, na anayesahau jambo hilo atapuliza upande usio na vumbi hadi achoke.

Kupuliza kwenyewe kufanywe kwa kipulizio cha mpira, si kwa kinywa, kwani pumzi ina mate. Kabla ya hapo kamera iamriwe katika menyu yake kunyanyua kioo akisi kwa ajili ya usafi, tena betri iwe imejaa, kwa sababu nguvu ikikatika katikati ya kazi, kioo na pazia hurudi na kukigonga kilichomo. Bora zaidi ni kulizuia vumbi lisiingie: lenzi ibadilishwe kamera ikiwa imezimwa na uwazi wake umeelekezwa chini, ndani ya gari lililofungwa madirisha.

"KAMERA IMEKUFA"

Tukitoka kwenye sehemu tukaja kwenye hitilafu zenyewe, twakuta kitenzi kimoja kikibeba mzigo wa vitenzi vitatu. Kamera imekufa, au imegoma, au imekataa: msemaji amekasirika na ana haki ya kukasirika, lakini fundi hajaambiwa neno. Twaona yafaa zitofautishwe hali tatu, na Kiswahili kina vitenzi vyake tayari. Kamera haiwaki. Kamera inawaka lakini haifyatui. Kamera inafyatua lakini haihifadhi.

Isiyowaka huangaliwa betri. Betri iliyozeeka hujaa upesi na kwisha upesi, na mwenye nayo hulalamikia kamera. Vishikizo vya shaba vikishika kutu au jasho, umeme haupiti. Tena kamera nyingi hazikubali kuwaka mlango wa betri au wa kadi usipofungwa barabara, na mlango huo ukivunjika kikomeo chake kidogo, mtu aweza kudhani kwamba mtambo mzima umeungua.

Isiyofyatua yataka maelezo marefu zaidi, kwa kuwa aghalabu si mbovu. Kamera akisi, ikiwa imewekwa katika fokasi ya kujiendesha, hukataa kufyatua mpaka ipate fokasi. Haiwezi kuipata ikiwa kitu kiko karibu mno kuliko lenzi inavyoruhusu, wala ikielekezwa kwenye ukuta mweupe, anga tupu, au ukungu mzito wa asubuhi katika milima ya Tarime, kwani hutafuta tofauti ya mwanga na giza na hapo haipo. Mpiga picha ailekeze kwenye ukingo wa kitu chenye tofauti hiyo kilicho umbali uleule, au asogeze kiswichi cha lenzi na kuzungusha pete kwa mkono. Wakati mwingine pia kamera haifyatui kwa sababu imeshikwa na kazi: mtu amepiga picha thelathini mfululizo nyumbu wakiruka mtoni, na taa nyekundu inamwekamweka. Hiyo haijagoma, inaandika katika kadi. Akiitoa kadi wakati huo, ndipo atakapopata hitilafu ya kweli.

Ziko kamera zinazotoa alama ya hitilafu katika skrini. Canon huandika Err 01 ikiwa mawasiliano ya bodi na lenzi yana kasoro, na dawa ya kwanza ni kuizima, kuitoa lenzi na kupangusa vishikizo vyake vya rangi ya dhahabu kwa kitambaa kikavu. Nikon huandika fEE pale lenzi yenye pete ya tundu isipofungwa kwenye namba yake kubwa kabisa. Hapa twawaomba wafasiri wasitafsiri alama hizo wala wasizirekebishe herufi. Alama ni jina la hitilafu kama kiwanda kilivyolitoa, na msomaji atalitafuta katika skrini kama lilivyo.

Isiyohifadhi huangaliwa kadi. Huenda imejaa. Huenda kiswichi kidogo kilichoko ubavuni mwa kadi kimeteleza kikaifunga isiandikwe, jambo linalotokea mara kwa mara wakati wa kuitia na kuitoa, na ambalo dawa yake ni ukucha tu.

UKUNGU, KUCHEZA NA KULENGA

Malalamiko ya kwamba "picha haionekani vizuri" ni mengi kuliko yote, na chini yake mna mambo yasiyohusiana kabisa. Wapiga picha wamekwisha kutupa neno moja zuri, nalo ni kucheza. Picha iliyocheza ni ile ambayo kamera au kitu kilitikisika pazia likiwa wazi. Twaona lisanifishwe kama lilivyo. Kutoka kwenye picha yenyewe hali hizi hujulikana: ikiwa kila kitu kimevutwa upande mmoja, kamera ilicheza, ikiwa majani ni makali na swala amevutika, swala ndiye aliyecheza, ikiwa majani ya mbele ni makali na swala amefifia bila ya kuvutika, hakuna kilichocheza, bali fokasi ilikaa pasipo pake.

Kwa kamera iliyocheza, kanuni ya kukadiria ni kwamba muda wa pazia usizidi sehemu moja ya urefu wa lenzi kwa milimita: lenzi ya milimita 300 yataka pazia la 1/300 ya sekunde au fupi zaidi. Waongoza watalii hutumia pia mfuko wa maharage juu ya dirisha la gari, na huzima injini, kwani mtetemo wake huonekana katika picha hata kama hauonekani machoni.

Kuhusu fokasi kuna mvutano wa kiistilahi ambao tusingependa kuupita. Waandishi wengine hutumia kulenga kwa maana hiyo. Hoja yao ni kwamba ni neno la Kiswahili, na hilo hatulipingi. Lakini katika wilaya hizi wengi wa watumiaji wa kamera za serikali ni askari na maafisa wa wanyamapori, na kwao kulenga ni kuelekeza mtutu. Ukimwambia "hukumlenga tembo", atajibu kwa haki kabisa kwamba tembo yumo katikati ya picha. Kuelekeza kamera ni jambo moja, na kukusanya miale hadi sura iwe kali ni jambo jingine, na mtu aweza kulifanya la kwanza bila la pili. Kwa hiyo twashauri kulenga kubaki kwa kuelekeza, na fokasi, neno ambalo walimu wa fizikia wanalijua, litumike kwa la pili: kutia katika fokasi, kutoka katika fokasi.

Neno jingine la hatari ni ukungu. Katika lugha yetu ukungu ni ule wa asubuhi milimani, na ukungu pia ni ule uotao juu ya mkate uliokaa. Lenzi yaweza kupatwa na vyote viwili, na tiba zake hazifanani. Mtu aliyekuwa nje katika baridi ya asubuhi akaingiza kamera katika nyumba yenye joto na mvuke wa vyungu vya harusi, ataona lenzi imefunikwa na weupe. Huo ni mvuke uliogeuka maji, nao huondoka wenyewe. Angeiacha kamera mkobani, umefungwa, hadi ipate joto la nyumba, weupe huo usingetokea. Lakini lenzi iliyokaa miezi kabatini penye unyevu huota nyuzinyuzi kama za buibui ndani yake, na hizo ni mimea hai inayokula tabaka lililopakwa juu ya lenzi. Haziondoki kwa kungoja. Twapendekeza ya kwanza iitwe umande wa lenzi, na ya pili kuvu, neno ambalo wanabiolojia wanalitumia, ingawa wao watatukumbusha kwamba kuvu si mmea. Fundi akiambiwa "lenzi ina kuvu" atajua kwamba haina budi kufunguliwa. Akiambiwa "ina umande" atamwambia mwenye kamera anywe chai kwanza.

MANENO YALIYOBAKI TANGU ENZI YA FILAMU

Wakati wa filamu, picha "iliungua". Mtu alifungua kifuniko cha nyuma kabla ya kukunja filamu, mwanga ukaingia, na kazi ya harusi nzima ikapotea. Kitenzi hicho kilikuwa sahihi, maana kiliashiria uharibifu usiorudi. Leo twasikia kikitumiwa kwa picha yoyote iliyo nyeupe mno, na hapo kinapotosha: kamera ya kidijiti haiunguzi kitu, imepokea mwanga mwingi tu, na yaweza kuamriwa ipokee mchache palepale. Vivyo hivyo zamani picha "ilisafishwa", yaani filamu ilitiwa katika dawa ikatoa sura. Maneno "peleka ikasafishwe", yakitamkwa leo, mmoja hudhani ni kihisi, mwingine hudhani ni kurekebisha picha katika kompyuta, na mzee wa studio hukumbuka chumba chake cha giza. Hatupendekezi maneno haya yafutwe, kwani ni urithi wa ufundi, ila yasitumike katika maelekezo ya kamera ya kidijiti. Picha nyeupe mno iitwe iliyozidi mwanga, na nyeusi mno iliyopungukiwa mwanga.

Inafaa walimu waeleze sababu yake, kwa kuwa kamera inapokosea hapa haikosei kwa ubovu. Chombo cha kupima mwanga ndani yake hudhani kwamba kila kitu mbele yake, kikichanganywa, kina rangi ya kijivu cha wastani. Mweke bibi harusi wa Tarime, mwenye uso mweusi, mbele ya ukuta uliopakwa chokaa: kamera huona weupe mwingi, hupunguza mwanga, na uso hugeuka kivuli. Elekeza kwenye kundi la nyumbu lililojaza picha nzima: kamera huona weusi, huongeza mwanga, na nyumbu huwa wa kijivu kama wa majivu. Dawa ni kitufe chenye alama ya kujumlisha na kutoa, kinachoongeza au kupunguza mwanga kwa makusudi. Lakini kitufe hicho husahauliwa. Mtu aliyejumlisha jana kwa ajili ya harusi hupiga leo picha nyeupe tupu shambani, akaandika kwamba kamera imeharibika. Katika taarifa zetu tungependa neno hitilafu libaki kwa ubovu wa chombo, na hali kama hii iitwe mpangilio uliosahauliwa.

SAA YA KAMERA NA SAA YETU

Tumefika mahali ambapo lugha yenyewe huzaa hitilafu, na ambapo hakuna kitabu cha kiwanda kitakachotuonya. Kila picha ya kidijiti hubeba ndani yake tarehe na saa iliyopigwa. Saa ya kamera huanza kuhesabu usiku wa manane, na sisi huanza kuhesabu jua linapochomoza. Tuchukue mfano wa afisa anayeweka saa ya kamera mpya saa moja asubuhi, naye akaandika 01:00. Sasa kamera imechelewa kwa saa sita, na hakuna kitakachomwambia. Tembo huingia shambani usiku. Afisa huitwa, hufika saa kumi na moja alfajiri ili kuwahi kabla watu hawajakanyaga nyayo, hupiga picha. Kwa kamera ni 23:00, tena ni ya siku iliyotangulia. Taarifa yasema uharibifu ulitokea usiku wa manane tarehe 4, na picha ya uharibifu huo yasema ilipigwa tarehe 3, kabla tembo hawajafika. Mkulima ndiye atakayeulizwa.

Jambo hili si dogo kisheria. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015, inapozungumzia ushahidi wa kielektroniki, hutaka itazamwe jinsi kumbukumbu ilivyotengenezwa na kutunzwa, kama njia hiyo ni ya kuaminika. Kwa hiyo twawashauri wote wanaotafsiri maelekezo ya kamera waongeze sentensi ambayo haimo katika kitabu cha asili: saa moja asubuhi huandikwa 07:00, saa saba mchana 13:00, saa moja usiku 19:00. Waongeze pia kwamba 03/08 yaweza kuwa Agosti 3 au, kwa mpangilio wa Marekani, Machi 8, na kwamba kamera iliyokaa miezi bila betri husahau saa na kurudi kwenye tarehe ya kiwandani. Kuongeza sentensi kama hizi si kuvunja uaminifu wa tafsiri. Mwandishi wa kitabu kile hakuwa na sababu ya kuziandika kwa ajili ya wasomaji wake.

KUFUTA

Tumeliacha mwisho neno lenye gharama kubwa. Kufuta ni kuondoa vumbi au maji kwa kitambaa. Kufuta ni kuondoa maandishi ubaoni. Na kifuta jasho, ambacho mkulima wetu anakisubiri, kimetoka katika kitenzi hichohicho. Kamera isiyohifadhi picha, ushauri wake wa kawaida ni kusafisha vishikizo vya kadi. Sasa mshauri aliye mbali aandike: "Itoe kadi, ifute, kisha irudishe." Alikusudia kitambaa. Msomaji aliye kijijini, na menyu ya kamera iko mbele yake, hutafuta amri ya kufuta, huiona, hubonyeza, na picha za mashamba ya kaya zote alizozitembelea juma hilo huondoka.

Kwa hiyo katika maelekezo yote ya vyombo vya kidijiti, kufuta kutumike kwa kuondoa picha au faili tu. Kwa kitambaa kutumike kupangusa, neno ambalo hakuna menyu itakayolichukua. Na kuiandaa kadi upya, jambo linaloondoa vyote vilivyomo, kuitwe kufomati, kama mafundi wasemavyo, wala kusiitwe kusafisha kadi kwa hali yoyote.

Aliyefuta kwa bahati mbaya ana nafasi bado, akiwa mwepesi wa kusimama. Kamera inapofuta haiondoi picha papo hapo; huondoa jina lake katika orodha na kupatangaza mahali pake kuwa wazi. Picha hubaki mpaka nyingine iandikwe juu yake, na programu za kurejesha mafaili zaweza kuisoma. Kila picha mpya inayopigwa katika kadi ileile yaweza kuwa inafunika moja ya zile za zamani. Basi kadi hiyo itolewe mara moja, itiwe katika bahasha, bahasha iandikwe jina la kijiji na tarehe, na kamera ipewe kadi nyingine.